Joto na vumbi: Adui wawili wanaodhoofisha kompyuta za michezo Eastlands

BEI ya vipuri vya kompyuta inapozidi kupaa, vijana wengi wa mitaa ya Eastlands jijini Nairobi wanaopenda michezo ya kompyuta hujikuta katika njia panda. Mashine iliyokuwa ikichezesha kandanda bila taabu mwaka mmoja uliopita sasa inakwamakwama. Feni yake inanguruma kama kinu cha kusaga mahindi, na picha zinaganda pale tu mpira unapokaribia lango. Wazo la kwanza linalomjia mwenyewe ni kwamba mashine imezeeka, na kwamba dawa yake ni kadi mpya ya picha.

Mara nyingi mashine hiyo haijazeeka. Imezidiwa na joto.

Tofauti kati ya hali hizo mbili si ndogo. Kadi mpya huweza kumeza akiba ya miezi mingi, ilhali kusafisha mashine na kubadilisha pesti ya kupitisha joto ni kazi ya saa moja na gharama yake ni ndogo mno. Kwa mwenye banda la michezo kule Kayole, Umoja au Dandora, ambaye wateja wake hulipa kwa mchezo mmoja au kwa saa, suala hili ni la riziki. Kila mashine inayozimika ghafla ni mteja anayehamia banda la jirani.

Chanzo cha bei kupanda

Kwa muda wa miaka kadhaa, soko la vipuri limepigwa na mawimbi yanayofuatana. Mnamo 2021, janga la Covid-19 lilivuruga viwanda na usafiri, huku wachimbaji wa sarafu za kidijitali wakinunua kadi za picha kwa wingi. Afueni kwa upande wa kadi ilikuja baada ya Septemba 2022, mfumo wa sarafu ya Ethereum ulipoacha uchimbaji wa kutumia kadi hizo.

Wimbi jipya lilianza kuonekana katika miezi ya mwisho ya 2025, na safari hii lililenga zaidi kumbukumbu ya muda ambayo mafundi huiita RAM. Sehemu kubwa ya kumbukumbu hizo ulimwenguni hutengenezwa na kampuni tatu: Samsung na SK Hynix za Korea Kusini, pamoja na Micron ya Marekani. Vituo vikubwa vinavyoendesha akili bandia vilianza kununua kumbukumbu kwa kiwango kisicho cha kawaida, nazo kampuni zikaelekeza viwanda vyao huko kwenye faida kubwa. Bei ya RAM ya kawaida ikaongezeka maradufu na zaidi katika masoko mengi. Mnamo Desemba 2025, Micron ilitangaza kwamba ingeacha kuwauzia wateja wa kawaida bidhaa zake za jina la Crucial.

Mnunuzi wa Kenya hubeba mizigo mingine juu ya huo. Vipuri huagizwa kwa dola, nayo shilingi imekuwa ikiyumba. Mwanzoni mwa 2022 dola moja ilikuwa takriban Sh113, ikafika karibu Sh160 mnamo Januari 2024, kisha ikashuka hadi karibu Sh130 katikati ya mwaka huo. Aidha, kuna ushuru wa thamani ya ziada (VAT) wa asilimia 16 pamoja na ada za kuingiza bidhaa nchini. Ndiyo maana wakazi wengi wa Eastlands hutegemea kompyuta zilizotumika ng'ambo, maarufu kama 'Ex-UK', ambazo huuzwa katika maduka ya Luthuli Avenue, Moi Avenue na viunga vyake.

Joto hupunguzaje kasi?

Karibu stima yote inayoingia kwenye kompyuta huishia kuwa joto. Kichakataji, ambacho ndicho ubongo wa mashine, na kadi ya picha ndivyo vinavyotoa joto jingi zaidi. Juu ya kila kimojawapo huwekwa kipande cha alumini au shaba chenye mapezi mengi membamba. Joto hupanda kwenye mapezi hayo, nayo feni hulipeperusha.

Vichakataji vya siku hizi vimeundwa kujilinda. Joto lake likikaribia nyuzi 100, kichakataji hupunguza kasi yake chenyewe ili kisiungue. Mchezaji huona mchezo ukikwama. Joto likizidi hapo, mashine hujizima. Kwa hivyo, mtu anaweza kununua kadi ya bei ghali, akaiweka katika kasha lililojaa vumbi, na asione tofauti yoyote baada ya dakika 20 za kucheza.

Kuna programu zisizolipiwa, kama vile HWiNFO na MSI Afterburner, zinazoonyesha kiwango cha joto mchezo unapoendelea. Kipimo hicho kinafaa kuchukuliwa kabla ya senti yoyote kutolewa mfukoni. Kichakataji kikibaki chini ya nyuzi 80 au 85 baada ya nusu saa ya mchezo mzito, mashine iko salama. Kikipita 95, tatizo limejitambulisha.

Hewa ya Nairobi na vyumba vya Eastlands

Wengi hudhani kwamba Nairobi, kwa kuwa ina baridi kuliko Mombasa, ni mahali pazuri kwa kompyuta. Dhana hiyo ina ukweli nusu tu. Mitaa ya Eastlands iko takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Katika mwinuko huo, hewa ni nyepesi kwa takriban sehemu moja kati ya sita ikilinganishwa na ya pwani. Feni inayozunguka kwa kasi ileile husukuma hewa yenye uzito mdogo zaidi, na hewa hiyo hubeba joto kidogo.

Jambo la pili ni chumba chenyewe. Kila nyuzi moja inayoongezeka chumbani huongeza takriban nyuzi moja ndani ya kompyuta. Banda la mabati huwaka kama tanuri ifikapo adhuhuri katika miezi ya Januari hadi Machi. Katika majumba ya ghorofa yaliyobanana ya Pipeline, vyumba vingi hupata hewa kidogo kwa sababu dirisha la mmoja hutazamana na ukuta wa mwingine. Mashine nne zikiwashwa pamoja katika chumba cha namna hiyo, kila moja huvuta hewa iliyokwisha kupashwa moto na mwenzake.

La tatu ni vumbi. Barabara zisizo na lami, ujenzi usiokoma na moshi wa magari huacha vumbi laini ambalo, likichanganyika na unyevu na mafuta ya jikoni, hugeuka kuwa blanketi juu ya mapezi ya kupozea. Katika nyumba ya chumba kimoja, ambamo jiko na kompyuta hukaa pamoja, blanketi hilo hukua upesi zaidi.

Kusafisha bila kuharibu

Kazi ya kwanza, basi, ni usafi. Kila baada ya miezi miwili au mitatu, kompyuta izimwe, ichomolewe kwenye stima na kufunguliwa. Vumbi lipulizwe kwa blowa ndogo au kwa brashi laini iliyo kavu, mahali penye hewa nje ya nyumba. Feni zishikwe kwa kidole ili zisizunguke zinapopulizwa, kwani kuzungushwa kwa kasi kupita kiasi huziharibu. Kitambaa chenye maji kisitumiwe ndani ya mashine. Nacho kisanduku cha umeme kisifunguliwe kamwe na asiye fundi, kwa kuwa ndani yake hubaki chaji ya hatari hata baada ya kuchomolewa.

Kazi ya pili ni pesti. Kati ya kichakataji na kipande cha kupozea huwa kuna pesti ya kijivu au nyeupe inayoziba nafasi ndogo zisizoonekana kwa macho. Katika kompyuta iliyotumika kwa miaka sita au minane, pesti hiyo huwa imekauka na kupasukapasuka kama tope la kiangazi. Ya zamani ifutwe kwa spiriti hadi ing'ae, kisha ipakwe nyingine kiasi cha punje moja ya mbaazi. Kuipaka nyingi hakuongezi ubaridi.

Kazi ya tatu ni njia ya hewa. Hewa baridi inafaa kuingia mbele na ya moto kutokea nyuma. Kasha lisikae juu ya zulia wala kusukumwa hadi ukutani. Nafasi ya sentimita 10 au zaidi nyuma yake hutosha. Kuongeza feni moja mbele ni gharama ndogo kuliko kipuri kingine chochote. Kipande cha soksi laini ya nailoni kikitandazwa mbele ya feni inayoingiza hewa huzuia vumbi jingi, mradi kioshwe kila wiki, la sivyo kitaziba hewa yenyewe.

Mitambo ya kupoza kwa maji, inayovutia kwa taa zake za rangi, haihitajiki kwa mashine za kawaida. Pampu yake huweza kufa, na mwishowe joto bado hutolewa na feni na hewa ileile nyepesi ya Nairobi.

Zipo pia njia zisizogharimu chochote. Mchezo uwekewe kikomo cha picha 60 kwa sekunde, hasa ikiwa skrini haiwezi kuonyesha zaidi ya hapo. Aidha, katika Windows, kiwango cha juu cha kichakataji kikishushwa kutoka asilimia 100 hadi 99, mashine nyingi huacha kujiongezea kasi ya ziada, na joto hushuka kwa kiasi kikubwa huku mchezo ukipungua kidogo tu.

Kinachofaa kununuliwa kwanza

Baada ya joto kudhibitiwa ndipo swali la kununua linapokuwa na maana. Kwa mashine ambayo bado inatumia diski ya kuzunguka, SSD ndiyo ya kwanza. Haiongezi idadi ya picha kwa sekunde, lakini huondoa kule kungoja kusikoisha mchezo unapofunguka.

Inayofuata ni RAM. Vipande viwili vya GB 8 hufanya kazi vizuri kuliko kipande kimoja cha GB 16, hasa katika mashine isiyo na kadi ya picha ya pekee. Mnunuzi sharti ajue aina inayoingia kwenye ubao wa mashine yake, kwani DDR3 haiingii palipotengenezewa DDR4. Na kwa kuwa bei imepanda, aliye na GB 16 hana sababu ya kukimbilia 32.

Kadi ya picha huja mwisho, na hapa ndipo wengi huumia. Kompyuta nyembamba za ofisini kama Dell OptiPlex na HP EliteDesk, ambazo zimejaa sokoni, huwa na kisanduku cha umeme cha umbo lake maalumu na nguvu ndogo. Kisanduku cha kawaida hakiingii humo, wala kadi ndefu haitoshei. Kadi inayofaa ni ile fupi isiyohitaji waya wa umeme wa ziada, yaani isiyozidi wati 75, mathalani GTX 1650 ya umbo dogo au RX 6400.

Anayenunua kadi iliyotumika aombe ijaribiwe dukani kwa nusu saa mchezo ukiendelea, atazame kiwango cha joto, asikilize feni, na asiondoke bila risiti yenye muda wa dhamana. Anayenunua kompyuta nzima naye akumbuke kwamba Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida kwa Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025. Windows 11 hairuhusu rasmi vichakataji vya Intel vilivyotangulia kizazi cha nane, ila vichache mno. Mashine ya bei ya kutupwa yaweza kuwa ghali baadaye.

Hesabu ya stima

Mashine inayotumia wati 250 kwa saa tano kila siku humaliza uniti 37.5 kwa mwezi. Katika utaratibu wa malipo ulioanza Aprili 2023, nyumba inayotumia uniti zisizozidi 30 kwa mwezi hutozwa bei ya chini kuliko inayopita hapo. Kompyuta hiyo peke yake huivusha nyumba mpaka huo. Hivyo, kupunguza nguvu inayotumika ni kupoza mashine na kupunguza gharama ya tokeni kwa mkupuo mmoja.

Usalama pia uzingatiwe. Mashine kadhaa, televisheni na birika la umeme kwenye kebo moja ya bei nafuu ni mwaliko wa moto, na katika mabanda yaliyoshikana moto hauchagui nyumba. Kidhibiti umeme nacho huokoa vipuri pale stima inapopotea na kurudi kwa kishindo.

Vipuri vibovu navyo visiishie katika jaa la Dandora, ambako huchomwa na moshi wake kuwarudia wakazi wa mitaa hiyohiyo. Kituo cha WEEE Centre kilichoko Utawala hupokea taka za kielektroniki, na mafundi wengi hununua mashine zilizokufa ili kutoa sehemu zilizo nzima.

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mchezaji wa Eastlands, ufa ni vumbi lililotanda juu ya mapezi ya kupozea. Ukuta ni kadi mpya, kwa bei ya leo.