Usiseme ni Majonzi Tu: Moyo Upimwe

Tarehe 23 Oktoba 2004, ardhi ilitetemeka kwa nguvu katika mkoa wa Niigata, nchini Japani. Nyumba zilibomoka. Watu walikufa. Siku zilizofuata, baadhi ya walionusurika walifika hospitali wakiumwa kifua. Wengi wao walikuwa wanawake wazee. Madaktari walipowapima, waliona mishipa ya mioyo yao haikuziba. Lakini mioyo ilikuwa imelegea.

Ndugu msomaji, je, hofu au huzuni inaweza kuuguza moyo? Ndiyo, inaweza.

MAGONJWA MAWILI YANAYOFANANA

Moyo husukuma damu mwilini. Moyo wenyewe pia hulishwa damu na mishipa yake. Mshipa mmoja ukiziba, sehemu ya moyo hukosa damu na kuanza kufa. Hilo ni shambulio la moyo.

Ugonjwa wa pili huitwa takotsubo. Madaktari wa Japani waliueleza mara ya kwanza mwaka 1990. Takotsubo ni chungu cha wavuvi wa huko cha kunasia pweza. Kina shingo nyembamba na tumbo pana. Moyo wa mgonjwa huvimba upande wa chini, ukafanana na chungu hicho. Mara nyingi ugonjwa huu huja baada ya kufiwa, kuogopa sana au kuugua sana. Wagonjwa wengi ni wanawake waliokoma hedhi.

KIPIMO CHA ECG

Kila moyo unapodunda, hutoa umeme mdogo sana. Mashine ya ECG husoma umeme huo. Mgonjwa hulala chali. Mganga humbandika nyaya kifuani, mikononi na miguuni. Mashine haimtii mgonjwa umeme, wala haimuumizi. Baada ya dakika chache hutoa karatasi yenye mistari inayopanda na kushuka.

Mshipa mmoja ukiziba, mara nyingi mistari hubadilika kwa sehemu inayolishwa na mshipa huo. Katika takotsubo, mara nyingi mabadiliko huenea zaidi ya hapo. Lakini wakati mwingine mistari hufanana kabisa. Kwa hiyo ECG peke yake haitoshi.

Madaktari hupima pia damu, na huutazama moyo kwa ultrasaundi. Kisha hupitisha mpira mwembamba ndani ya mshipa mpaka kwenye moyo, wakatia dawa na kupiga picha ya eksirei. Hapo huonekana kama mshipa umeziba au uko wazi.

USINGOJE

Mama amefiwa na mumewe. Siku ya mazishi anashika kifua. Anatoka jasho na kuhema kwa shida. Watu wanasema, "Ni uchungu wa msiba. Mwacheni apumzike."

Hilo ni kosa. Labda ni takotsubo. Labda mshipa umeziba. Hakuna awezaye kujua kwa kumtazama. Tena takotsubo nayo huweza kuua, ingawa wagonjwa wengi hupona katika majuma machache.

Fanyeni hivi:

1. Mkalisheni. Asitembee.
2. Tafuteni gari upesi, afikishwe hospitali.
3. Mwelezeni mganga maumivu yalianza saa ngapi, na jambo gani lilitokea kabla.
4. Akihamishiwa hospitali kubwa, karatasi yake ya ECG iende pamoja naye.

Msiba mmoja usizae msiba mwingine.