Picha Imefika Kwenye Imeili, Simu Inagoma Kuifungua

Wiki hizi za mvua simu yangu haitulii, na wengi wanaopiga hawaulizi dawa wala mbegu. Wanauliza hivi: "Afisa, nimetumiwa picha kwenye imeili, nikibonyeza haifunguki. Nifanyeje?"

Wapo watakaosema hiyo ni kazi ya fundi simu, siyo ya afisa ugani. Mimi sikubaliani nao. Chukua nyanya tu. Jani lenye kantangaze lina vinjia vyeupe vyeupe ndani yake, kwa sababu kiwavi anakula katikati ya ngozi mbili za jani, na ukilinyanyua juani unaona kinyesi cheusi humo ndani. Jani lenye bakajani chelewa lina baka kama limelowa maji, baadaye linakuwa kahawia, na asubuhi yenye unyevu ukiligeuza unakuta utando mweupe chini. La kwanza ni la mdudu, la pili ni la ukungu. Dawa ya mdudu haitibu ukungu hata ukipiga mara tano. Kwa maneno ya simu watu wanachanganya, wote wanasema "majani yanaungua". Picha ndiyo inayoamua. Sasa mtaalamu amekutumia picha ya kulinganisha, imekaa kwenye imeili siku nne haijafunguka, na bakajani kwenye baridi na mvua haikusubiri. Siku nne ni nyingi sana kwake.

Kabla hujampelekea fundi elfu tano yako, fanya jambo moja: soma jina la faili. Chini ya ujumbe kuna kisanduku chenye jina la kile kilichoambatanishwa. Tazama herufi zinazokuja baada ya nukta ya mwisho. Hapo ndipo jibu lilipo mara nyingi.

Ukikuta .jpg, .jpeg au .png, hiyo ni picha ya kawaida kabisa na simu yoyote janja inaifungua. Kama imegoma, kuna uwezekano mkubwa haijashuka yote au simu imejaa. Picha moja ya simu nzuri inaweza kuwa MB 3 hadi 5, kwa hiyo tano zinakaribia MB 20. Bando likikata katikati unabaki na kipande, na kipande hicho hakifunguki, au kinafunguka nusu ya juu na nusu ya chini ni kijivu. Kifute, tafuta mtandao mzuri, kipakue upya. Usikibonyeze kile kile mara kumi. Na ukishakipakua, usihangaike kukifungua ndani ya imeili. Toka nje, nenda kwenye faili zilizopakuliwa, kifungulie huko.

Kuhusu kujaa: ingia kwenye mipangilio ya simu, tafuta sehemu ya hifadhi, uone nafasi iliyobaki. Nimeshika simu za vijana wengi. Shamba la ekari mbili halina picha hata moja humo ndani, lakini video za harusi ya mtu asiyemjua zipo mia, zote zimetoka kwenye makundi ya WhatsApp. Anza kufuta hizo.

Ukikuta .heic, hapo simu yako haina ubaya wowote. Ni aina ya picha inayopigwa na iPhone. Apple walianza kuitumia mwaka 2017, na faida yake ni kwamba picha inachukua nafasi ndogo bila kupoteza ubora. Kwa upande wa Android, uwezo wa kuisoma ulikuja na toleo la 9, mwaka 2018. Ukiwa na simu yenye toleo la chini ya hapo, au umenunua ya mkononi ambayo haijasasishwa, utabonyeza mpaka kidole kiote sugu.

Hili linawapata zaidi vijana wa mazao ya kuuza nje. Kijana mmoja wa parachichi, huko Nyanda za Juu Kusini, alitumiwa na mnunuzi wake picha sita za kuonyesha tunda linalokubalika na linalokataliwa: kikonyo kikatwe wapi, mkwaruzo wa ukubwa gani unavumilika. Zote zilikuwa .heic. Simu yake ikaonyesha kisanduku cheupe tu. Aliona aibu kumwandikia mnunuzi tena, asije akaonekana mshamba, akataka kuvuna kwa kukisia. Hapo ndipo aliponipigia. Nilimwambia aandike sentensi moja tu, kwamba picha hazifunguki, atume tena kama JPG. Zilirudi jioni ile ile. Mnunuzi aliyekutumia picha anataka uzione, hawezi kukuona mshamba kwa kuuliza. Tunda ukilikata kikonyo vibaya ndiyo hasara.

Anayetumia iPhone mwambie afanye hivi: aingie Settings, kisha Camera, kisha Formats, achague Most Compatible. Kuanzia hapo picha mpya zitatoka JPG. Za zamani hazibadiliki, kwa hiyo hizo atume kwa njia nyingine. Kuna wakati iPhone yenyewe inazigeuza zinapotumwa kwa imeili moja kwa moja, ila siyo kwa kila njia, ndiyo maana leo unapokea zinazofunguka na kesho zisizofunguka kutoka kwa mtu yule yule. Kama mtumaji hapatikani, jaribu kuifungulia kwenye Google Photos, au ipeleke kwa mwenzako mwenye simu mpya akupigie skrinshoti akurudishie. Siyo njia nzuri sana, lakini shamba haliulizi njia.

Jina lingine linaloleta vurugu ni winmail.dat. Hili linatoka maofisini. Mtu anatumia programu ya Outlook kwenye kompyuta, imepangwa kutuma ujumbe kwa muundo wake yenyewe, na kwako picha zote zinafika zimefungwa ndani ya faili moja ambalo simu hailitambui. Hakuna cha kurekebisha kwenye simu yako. Mjibu abadilishe muundo wa ujumbe uwe HTML, kisha atume tena.

Kuna .zip pia, hilo ni furushi. Lipakue, lifungue kwa programu ya Files ya Google, utakuta picha ndani. Na kuna wakati hakuna picha yoyote iliyoambatanishwa, kuna kiungo tu. Gmail mwisho wake ni MB 25 kwa ujumbe mmoja. Mtu akizidisha, picha zinawekwa kwenye Drive na wewe unapewa kiungo. Ukibonyeza ukaambiwa uombe ruhusa, ujue mwenyewe hajakufungulia mlango. Omba hapo hapo, halafu mpigie, kwa sababu ujumbe wa kuomba ruhusa mara nyingi haumshtui mtu.

Sasa hapa nataka usome taratibu. Ukikuta "picha" inaishia na .apk, usiifungue. Hata kama jina ni "bei za leo", hata kama limeandikwa .jpg katikati na .apk ikaja mwisho. Hiyo ni programu inayotaka kukaa kwenye simu yako, simu ile ile yenye pesa za mauzo yako na meseji za benki. Vivyo hivyo ukibonyeza picha ukaletewa ukurasa unaotaka neno la siri la imeili yako, funga. Picha ya nyanya haihitaji neno lako la siri. Hapa mpigie mtumaji kwa namba uliyokuwa nayo siku zote, siyo ile iliyoandikwa kwenye ujumbe huo, umuulize kama ni yeye.

Na mnaonitumia mimi picha za mimea, nisaidieni ili zisigome upande huu. Tumeni JPG, nne zinatosha: mmea mzima, jani kwa juu, jani kwa chini, na shamba kwa mbali ili nione ugonjwa umeanzia pembeni au katikati. Weka sarafu karibu na baka nijue ukubwa wake. Piga asubuhi kabla jua halijawa kali, futa kioo cha kamera kwanza, maana mikono yetu ina vumbi na mafuta. Ukitumia WhatsApp, itume kama hati badala ya picha, isije ikabanwa mpaka utando mweupe chini ya jani usionekane. Kwenye ujumbe andika aina ya mbegu, umri wa mmea, na dawa ya mwisho uliyopiga na tarehe yake.