Njia Hufa kwa Maji, Si kwa Majani
Njia zetu za miguu: sehemu ya tatu

Wiki iliyopita tulimwacha mbebaji wa kasiterite, mawe ya bati, njiani kutoka mgodi wa Bisie, gunia la kilo 50 mgongoni, siku mbili za msitu kabla hajaiona barabara pale Njingala. Msomaji mmoja ameniuliza: Mwalimu, njia ile ilikuwa ikitengenezwa na nani? Hakuna. Miguu ya maelfu ya watu iliifungua, miguu hiyo hiyo ikaigeuza tope. Wenye bunduki walitoza kila aliyepita, ila sijasikia aliyewahi kuchimba hata mtaro mmoja kwa fedha zile. Nilikuwa nimepanga leo tuzungumzie madaraja ya miti. Yatangoja.

Tuanzie hapa Mweso, maana hapa ndipo njia zinapokutana. Goma iko nyuma yetu kilomita 100 hivi, kupitia Kitshanga. Mbele, ukipita Kashuga na Kalembe, unaielekea Pinga, na huko malisho ya ng'ombe na mashamba ya maharage yanaupisha msitu wa Walikale. Teritwari ya Walikale peke yake ina kilomita za mraba 23,475, karibu mara tano ya Masisi na pungufu kidogo tu ya Rwanda nzima. Barabara za gari katika ukubwa huo unazihesabu kwa vidole. Kwa hiyo chumvi, sabuni na maharage hushuka kwa mgongo na kwa pikipiki, mawese na ndizi hupanda vivyo hivyo, na mgonjwa huletwa Hospitali Kuu ya Mweso juu ya tipoyi, machela ya fito inayobebwa mabegani. Watazame watu wa tipoyi wakipita. Wabebaji ni wanne, wawili mbele na wawili nyuma, bega kwa bega. Wenzao wanafuata wakisubiri zamu. Njia ya upana wa mguu mmoja, inayomtosha mama mwenye mzigo wa ukanda kwenye paji la uso, hao haiwatoshi. Mmoja atakanyaga ukingo, ukingo utameguka, na mgonjwa atajua.

Kuna nchi ambako kutembea mbali ni starehe. Marekani wana njia ya Appalachian, iliyopendekezwa na Benton MacKaye mwaka 1921 na kukamilika mwaka 1937, kilomita 3,500 hivi juu ya milima. Hutunzwa na vyama vya watu wa kujitolea, wanaotoka mijini siku za mapumziko wakiwa na sururu na misumeno. Jirani zetu wa Rwanda nao wana njia yao kando ya Ziwa Kivu, kilomita 227 kutoka Rubavu hadi Rusizi, ambapo mtalii hupita kwa starehe pale mkulima anapopita na mkungu wa ndizi kichwani. Na sisi tulikuwa na wageni wetu. Wakati wa utulivu walipanda Nyiragongo, mita 3,470, wakianzia Kibati, na vijana wa huko wakila jasho lao kwa kuwabebea mikoba. Lakini mwambie mzee wa Kashuga kwamba kuna mtu ametembea kilomita 3,500 bila kubeba cha kuuza. Atakuuliza alifiwa na nani.

Hata hivyo watu wale wa Appalachian wana elimu moja ambayo ningependa tuichukue bure. Wanajua adui wa njia ni nani.

Sisi tukiambiwa tusafishe njia tunakimbilia panga. Tunafyeka majani kulia na kushoto, njia inang'aa kama kipara, shefu wa kijiji anafurahi. Mvua ya Oktoba ikija, inabeba udongo wote. Majani yale ndiyo yaliyokuwa yakiushika ukingo! Kinachoua njia ni maji yanayotembea ndani yake. Chunguza mteremko wowote unaopitwa na chukudu, ile baiskeli ya mti ya kubebea mizigo. Gurudumu lake la mti, hata likivikwa mpira wa tairi, huchora mstari mmoja katikati ya udongo, na dereva akifunga breki kwa kisigino, mstari unazidi kina. Maji hayaulizi mstari ulichorwa na nani. Yanauingia, yanapata mbio, na baada ya misimu miwili umepata korongo la kukufika kiunoni. Hapo watu wanaacha njia na kufungua nyingine pembeni, ndani ya shamba la mtu, na kesi inaanza. Goma wameisimamishia chukudu sanamu ya kung'aa, na inastahili, lakini kule kilimani anachohitaji mtu wa chukudu ni mtaro.

Dawa yake haina siri. Tafuta gogo la mkaratusi lenye unene wa paja, refu kuliko upana wa njia. Chimba mfereji unaokata njia kwa mshazari, usiikate moja kwa moja, ulilaze gogo humo hadi sehemu kubwa yake izikwe, kisha ulishindilie mawe upande wa chini. Ncha ya chini itokeze nje ya njia, na mbele yake uchimbe mdomo wa kuyatoa maji yaende kwenye nyasi. Gogo likiikata njia moja kwa moja, maji hutuama nyuma yake, halafu huruka juu na kuchimba shimo upande wa pili. Mlima ukiwa mkali, magogo yakaribiane. Ukiwa wa kadiri, yaachane. Baada ya kila mvua kubwa mtu apite na jembe kuzibua ile midomo, maana mdomo ulioziba hauna tofauti na gogo lisilokuwepo. Ni kazi ya robo saa kwa kila gogo, na ndiyo kazi isiyo na mwenyewe.

Kwa nini haina mwenyewe? Hapa ndipo penye kidonda.

Babu zetu walilimishwa kwa nguvu. Amri ya Wabelgiji ya mwaka 1917 iliwadai siku 60 kwa mwaka za mazao ya lazima, na barabara zikafunguliwa na kufyekwa na watu waliotolewa na machifu. Katika Vita vya Kwanza, zaidi ya wapagazi 200,000 walibebeshwa mizigo ya jeshi la Kongo dhidi ya Wajerumani. Miaka ya 1970 Mobutu akatuletea salongo: kazi ya pamoja kila wiki, kwa nyimbo, na faini kwa asiyetokea. Wapo wazee wanaoikumbuka kwa mapenzi, nami siwakatazi, mitaro ilichimbwa kweli. Lakini neno lenyewe likaja kuokotwa na watu wenye silaha. Leo Masisi, ukisikia salongo, huenda maana yake ni kukamatwa asubuhi ukielekea shambani, kubebeshwa maji na kuni, kuwajengea kambi. Ripoti za haki za binadamu zimeliandika jambo hili mara nyingi. Basi ukipita kijijini na jembe begani ukisema njooni tutengeneze njia, usishangae vijana wakiyeyuka nyuma ya migomba.

Tena kuna hoja nilipewa na mama mmoja muuza mawese, hoja ambayo sina jibu lake kamili. Alisema njia mbovu inatulinda. Ikitengenezwa, kesho yake kuna kamba imefungwa kati ya miti miwili na mtu anadai pesa. Hakosei. Mwaka 2017 watafiti wa taasisi ya IPIS walihesabu vizuizi vya njiani 798 katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini. Nilimjibu tu kwamba kamba hufungwa hata kwenye njia mbovu, ila mgonjwa kwenye njia mbovu hachelewi peke yake, anamchelewesha na anayembeba. Akacheka, akaniuzia chupa mbili.

Halafu upo mradi. Nimeuona mmoja: watu walilipwa kwa siku, njia ikafyekwa vizuri sana, picha zikapigwa, pesa zikaisha. Mvua ilipoangusha mti njiani, tuliuruka mwezi mzima tukingoja mradi urudi.

Kinachofanya kazi ni kidogo na hakina jina kubwa. Kigezi, Uganda, Wakiga wana vyama vya engozi: majirani huchanga na kupeana zamu za kumbeba mgonjwa au maiti, na asiyekuja hulipa faini kwa wenzake, si kwa serikali. Huku kwetu watu wa tipoyi nao wana desturi zao, na hao ndio ningewapa jembe la kwanza. Wanakijua kila kikwazo kwa nyayo. Hakuna wa kuwaambia pale panateleza.

Jumamosi iliyopita nilipanda nao mlima mmoja, wakirudi na tipoyi tupu. Mahali fulani yule wa mbele alisimama, akageuza fito ya tipoyi, akauchokonoa kwa ncha yake mdomo wa maji uliozibwa na maganda ya mahindi. Maji yakatoka. Akaifuta fito kwa majani, tukaendelea.

Wiki ijayo: madaraja ya miti, na kwa nini gogo la mkaratusi lisiwekwe juu ya mto na gome lake.