Chombo Kikiharibika, Anaitwa Fundi au Mganga?

Kuna msemo umezagaa mtaani, na nina hakika umeshausikia: wazungu nao wana uchawi wao, ila wa kwao unatengeneza ndege, wa kwetu unaishia kwenye ungo. Watu wanacheka, mada inabadilika. Mimi huwa nabaki nao kichwani, kwa sababu ndani yake kuna dai zito, kwamba ndege na ungo ni kitu kimoja, tofauti ni nani anarusha. Na hakuna mahali dai hilo linaonekana vizuri kama kwenye banda la video, iwe hapa Ikola au popote pengine, inapowekwa sizoni ya vita vya angani. Chombo kinaruka kutoka nyota hadi nyota, halafu jamaa ananyoosha mkono tu na adui anabanwa koo bila kuguswa. Wa mbele anasema hiyo ni sayansi ya baadaye. Wa nyuma anasema sayansi gani, hizo ndumba.

Nani yuko sahihi? Twende taratibu.

Aina hii ya hadithi huitwa opera ya anga. Jina lilianza kama tusi. Mwaka 1941 Mmarekani mmoja, Wilson Tucker, alikuwa amechoka na hadithi za vyombo vya angani zilizoandikwa hovyo hovyo, akaziita hivyo kwa kufuata "opera za sabuni", yaani michezo ya redio isiyoisha iliyodhaminiwa na makampuni ya sabuni. Ukitaka kuelewa dharau iliyomo, fikiria mtu aite hadithi yako "tamthilia ya Kifilipino ya angani". Miaka ikapita, tusi likageuka jina la kawaida. Leo linamaanisha hadithi kubwa ya angani yenye vita, falme, mapenzi, usaliti, na steringi ambaye kwa kawaida hafi.

Sasa ona kwamba kwenye maelezo hayo hakuna neno hata moja linalohitaji fizikia. Anga ni mahali tu. Ukiweka hadithi baharini haiwi somo la samaki, na ukiiweka angani haiwi sayansi kwa sababu hiyo pekee. Kwa hiyo swali la banda halijibiwi kwa kuangalia kama kuna nyota kwenye picha.

Wataalamu wa fasihi wana vipimo vyao. Kinachotajwa sana ni cha Darko Suvin, aliyeeleza miaka ya 1970 kwamba bunilizi ya kisayansi inakuletea kitu kipya kigeni, kisha inakidai kitu hicho kifuate mantiki, uweze kukifikiri hadi mwisho. Fantasia inaleta ugeni bila kukubali deni hilo. Ni kipimo kizuri lakini kirefu kukieleza huku muvi inaendelea. Mimi natumia kifupi: kile kitu kikiharibika, ndani ya hadithi anaitwa nani, fundi au mganga?

Tukijaribu kwenye The Mandalorian, tamthilia ya ulimwengu wa Star Wars iliyoanza Novemba 2019. Nachagua sehemu yake ya pili kwa makusudi. Yule mwindaji anarudi kwenye chombo chake anakuta Jawa, vile viumbe vifupi vyenye majoho, wamekichomoa spea karibu zote. Kama umewahi kuacha gari gizani ukarudi ukakuta halina saiti mira wala betri, hali hiyo unaielewa bila kutafsiriwa. Chombo hakiruki. Hakuna dua wala mazingaombwe yatakayokirusha. Inabidi aende kujadiliana na wezi, warudishe vifaa kwa bei wanayoitaka, kisha yeye na mzee mmoja mwenyeji wakae chini wafunge kimoja kimoja. Hapo ni ufundi mtupu.

Lakini bei yenyewe ilikuwa yai la mnyama mkubwa mwenye pembe. Mnyama anamzidi nguvu, jamaa yuko kwenye tope anasubiri kufa. Hapo yule mtoto wa kijani ananyoosha kamkono kake, anafumba macho, na mnyama mzima anaelea hewani. Hakuna waya, hakuna mashine, na hakuna mtu anayeuliza nishati ya kuinua uzito ule imetoka wapi. Mtoto anachoka na kulala, basi. Hiyo ni kazi ya mganga.

Kwa hiyo ndani ya sehemu moja ya dakika thelathini na kitu, wa mbele na wa nyuma wote wamepata haki yao. Chombo ni cha fundi, mtoto ni wa mganga. Na kama utanibana niseme kikapu kimoja, nasema fantasia, kwa sababu hadithi nzima inazunguka mtoto. Chombo kikilipuka (na kinalipuka baadaye, sizoni ya pili) hadithi inaendelea. Mtoto akiondoka, hadithi inasimama. Hata filamu ya kwanza ya Star Wars, ya 1977, ilifungua kwa kukuambia haya yalitokea zamani sana na mbali sana. Mtu aliyekulia kwenye paukwa pakawa anajua mlango huo unaingia wapi.

Wenye Star Wars wenyewe waliwahi kujaribu kumleta fundi mahali pa mganga. Kwenye filamu ya 1999 walieleza kwamba ile Nguvu inahusiana na vijidudu vinavyoishi ndani ya seli za mwili. Mtoto Anakin anatolewa damu, inapimwa, idadi inatoka, kama wewe unavyopimwa malaria zahanati. Mashabiki wengi walichukia, na nawaelewa. Namba ilitolewa lakini haikufungua mlango wowote: ukishaambiwa mtoto ana vijidudu vingi, bado hujui vinainuaje jiwe. Neno la maabara lilikuwa limevalishwa muujiza uleule. The Mandalorian ilikuja kulirudia jambo hili mwaka 2020 kwa akili zaidi. Kuna mwanasayansi anataka damu ya yule mtoto wa kijani, anawawekea watu wengine, miili yao inaikataa. Hapo sasa kuna jaribio, kuna kushindwa, kuna kurudia. Mganga anaanza kuwekwa kwenye darubini, na ndiyo maana sehemu hizo zinatisha kuliko vita vyote.

Kuhusu Star Trek watu hudhani jibu ni rahisi, kwamba hii ni ya fundi moja kwa moja. Tukague. Tatizo la kwanza la hadithi yoyote ya kwenda nyota nyingine ni umbali. Mwanga unakwenda karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 na ushee, na mwanga ungelimaliza kutoka Burundi hadi Zambia kwa sekunde 0.002 hivi. Mwanga huohuo unahitaji zaidi ya miaka minne kutoka Jua letu hadi Proxima Centauri, nyota iliyo jirani kuliko zote. Na vyombo vyetu? Voyager 1, iliyorushwa 1977, inakwenda kilomita 17 hivi kila sekunde. Kwa mwendo huo, umbali wa hadi Proxima ungechukua zaidi ya miaka 70,000. Tamthilia inayotaka kufika nyota mpya kila wiki lazima idanganye mahali fulani.

Star Trek ilidanganya kwa adabu. Ilisema chombo kinakunja anga lenyewe ili kufupisha njia. Ilikuwa maneno tu ya waandishi. Lakini mwaka 1994 mwanafizikia wa Mexico, Miguel Alcubierre, alichapisha hesabu zinazoonyesha kwamba kanuni za Einstein zinaruhusu, kwenye karatasi, anga lijikunje mbele ya chombo na kutanuka nyuma yake. Chombo chenyewe hakimpiti mwanga pale kilipo; anga ndilo linalokibeba. Kasoro ipo, na ni kubwa: mpango huo unadai nishati hasi kwa kiasi ambacho hakuna anayejua kukipata. Kwa hiyo usiende kumwambia mtu sayansi imethibitisha Star Trek. Kilichotokea ni kwamba uongo uliotungwa kwa mpangilio uliweza kuulizwa swali la hesabu, na swali likapata jibu ambalo mtu mwingine anaweza kulikagua. Jaribu kufanya hivyo na ungo. Uzito wa abiria? Kasi? Ukikatika ukingo, spea inapatikana wapi? Si kwamba majibu ni magumu. Simulizi za ungo haziruhusu maswali hayo yaulizwe, na anayeyauliza anaonekana mkorofi.

Hata hivyo Star Trek nayo ina waganga wake waliofichwa. Spock anaweka vidole usoni mwa mtu na kusoma akili yake. Tamthilia ya 1987 ikaleta Q, anayepiga kidole kitu kikatokea. Ukweli ni kwamba sizoni ndefu yoyote itakuwa na vyote viwili, kwa hiyo kazi yako ni kuangalia uzito umelalia wapi.

Mswahili ana sababu yake ya kuitazama Star Trek kwa jicho la pekee. Afisa mawasiliano wa chombo kile, aliyechezwa na Nichelle Nichols, anaitwa Uhura, jina lililochongwa kutoka neno letu "uhuru". Filamu ya 2009 ikalitamka jina lake la kwanza: Nyota. Na katika sehemu ya kwanza kabisa kurushwa hewani, Septemba 8, 1966, kuna tukio la Uhura kusemeshwa Kiswahili. Anayemsemesha, kwa bahati mbaya, ni kiumbe kinachojigeuza sura ili kipate kumla. Nichols baadaye, kuanzia 1977, alifanya kazi na NASA kuwahamasisha wanawake na watu weusi waombe kuwa wanaanga. Mae Jemison, mwanamke mweusi wa kwanza kufika angani, 1992, amesema mara nyingi kwamba Uhura alimpa hamasa, na mwaka uliofuata alionekana mwenyewe kwenye sehemu moja ya Star Trek. Uhura anakaa kwenye mitambo. Kikikatika kitu anaingia chini ya meza na kukiunganisha. Sidhani mtoto anayemtazama mchawi akipaa anapata picha hiyo ya kwamba kiti kile kinasomewa.

Tamthilia inayonipa shida zaidi ni Deep Space Nine, ya mwaka 1993. Kuna tundu angani linalounganisha pande mbili za galaksi, na ndani yake kuna viumbe wasioishi kwa mpangilio wa jana na kesho. Maafisa wa chombo wanawaita wageni wa kwenye tundu. Watu wa sayari jirani wanawaita Manabii, wanawasalia, wana mahekalu yao. Ni viumbe walewale. Misimu saba inapita bila mwandishi kumwambia mtazamaji achague upande.

Kwetu Katavi hilo si jambo geni. Jina la mkoa ni jina la hifadhi, na la hifadhi linatokana na Katabi, mzimu wa Wabende ambao husemwa unakaa kwenye mkwaju karibu na Ziwa Katavi, na watu wameacha sadaka pale chini. Mtaalamu wa mimea akifika atapima shina na kuandika jina la Kilatini. Mti ni uleule. Sioni ulazima wa mmoja kumfukuza mwenzake, ila nataka mwanafunzi ajue ni lugha ipi inazungumzwa kwa wakati gani. Wavuvi wa dagaa hapa wanajua kwamba mbalamwezi ikiwa kali, taa zao hazivuti samaki vizuri. Hilo unaweza kulijaribu usiku wowote na kulikataa likishindwa. La mkwaju haliko hivyo, wala wanaoliamini hawakulileta kwa ajili ya kupimwa.

Na sisi je, tumewahi kuandika opera ya anga? Nchi ya Kusadikika, kwenye kitabu cha Shaaban Robert cha 1951, iko angani. Hakuna anayeuliza inashikiliwa na nini. Kipimo changu hapa kinagoma, kwa kuwa haitwi fundi wala mganga: nchi imewekwa juu ili utazame vizuri sheria zake mbovu na wajumbe wanaorudi na mawazo mema wakaishia kifungoni. Hiyo ni istiara, tuiache na heshima yake.

Walenisi ya Katama Mkangi, mwandishi wa Kenya, iliyotoka 1995, iko karibu zaidi. Dzombo amehukumiwa, anaingizwa kwenye chombo cha angani ambacho ndicho kinyongeo chake. Utawala umekusudia aondoke nacho asionekane tena. Yeye anafaulu kukiendesha, na kinamfikisha kwenye nchi ya watu waliojipanga kwa haki, ambao jina lao ukilikata vipande linasema "wale ni sisi". Kitabu chenyewe kinajali siasa kuliko injini, na mtu wa fizikia atatamani kurasa zaidi kuhusu usukani. Lakini kuokoka kwa Dzombo hakukutokana na hirizi. Alikuta mashine iliyotengenezwa na watu ili kumuua, akajifunza inavyoendeshwa.

Kama hujaanza na chochote kati ya hivi, anza na hicho kitabu.