Nyota Haisafishwi, na Vumbi Si Uchafu

"Maalim, naambiwa nyota yangu imefifia, imeingia vumbi. Inasafishwa vipi?" Hapa Kiembe Samaki naulizwa hivyo barazani, dukani na hata msibani, kwa kuwa watu wanajua nina darubini. Wengi wanaouliza wamesoma fizikia skuli. Leo nalijibu swali hilo kwa maandishi, na atakayeniuliza tena nitampa ukurasa huu.

Kwanza, hiyo nyota imetoka wapi? Mpiga falaki huchukua jina lako na la mama yako, akazigeuza herufi kuwa namba kwa abjadi, akajumlisha, akagawa kwa 12. Baki ndiyo nyota yako: ikibaki 8, wewe ni Nge. Katika hesabu yote hiyo hakuna aliyeinua macho kutazama mbingu. Tena Nge si nyota moja. Ni nyota nyingi tunazoziona upande mmoja wa anga, basi. Antares, ile nyekundu ya kifuani, iko umbali wa miaka ya mwanga zaidi ya 500. Nyengine ya mkiani iko miaka 65 hivi. Ukilipa kusafishiwa Nge, inasafishwa ipi kati ya hizo?

Lakini kosa kubwa zaidi ni hilo la vumbi, maana limeugeuza ukweli juu chini. Nyota huzaliwa ndani ya mawingu yenye baridi ya nyuzi 260 hivi chini ya sifuri. Karibu asilimia 99 ya uzito wa wingu ni gesi, hasa haidrojeni na heliamu. Asilimia 1 ndiyo vumbi: chembe za kaboni na silikati, ndogo kama za moshi. Hiyo moja ndiyo yenye kazi. Atomu za haidrojeni hukutana juu ya chembe hizo zikaungana kuwa molekuli. Vumbi hukinga mwanga mkali wa nyota za jirani usilipashe wingu moto, na joto la ndani hulitoa nje. Wingu likibaki na baridi, gesi yake haina nguvu ya kujitanua. Linazidiwa na uzito wake lenyewe na kuporomokea ndani. Kadiri linavyojikusanya ndivyo linavyozunguka kwa kasi, likatandaza sahani pembeni, huku katikati pakizidi kuwa moto. Joto likifika nyuzi milioni 10 hivi, viini vya haidrojeni huungana kuwa heliamu, na hapo nyota imewaka. Jua letu lilichukua takriban miaka milioni 50 kufika hatua hiyo, na umri wake sasa ni miaka bilioni 4.6. Ardhi tunayoikanyaga ilitokana na vumbi la sahani yake.

Kwa hiyo anayekwambia nyota yako ina vumbi, akakuuzia ubani, majani ya mkunazi na marashi ya mawaridi ya kuliondoa, hajui nyota ni kitu gani.

"Mbona nyota hufifia kweli?" Naam, hufifia, na mfano upo. Mwishoni mwa 2019 Betelgeuse, ile nyekundu ya begani mwa Jabari, kundi ambalo vitabu huliita Orion, ilianza kupungua mwanga. Kufikia Februari 2020 ilikuwa imepoteza zaidi ya nusu ya mwanga wake, na mtu aliweza kuiona tofauti hiyo kwa macho tu. Darubini zilionyesha kwamba nyota ilikuwa imetema gesi, gesi ikapoa, ikawa wingu la vumbi lililoukinga mwanga usitufikie. Miezi michache baadaye vumbi likatawanyika na mwanga ukarudi. Hakuna aliyeiogesha.

Linaloniuma ni gharama ya huko kusafishiana nyota. Nimemwona kijana aliyekohoa wiki nenda wiki rudi huku watu wake wakimsafishia nyota, akafikishwa hospitali akiwa hoi. Basi sikilizeni. Kikohozi kikifika wiki mbili, nenda kituo cha afya ukapimwe kifua kikuu. Vipimo na dawa ni bure. Biashara imelala? Fungua daftari la mauzo na madeni. Mtoto amefeli, kaa na mwalimu wake. Unataka dua, omba dua. Haina haja ya nyota.

Na anayetaka kuziona nyota zikizaliwa kweli, Unguja tuna bahati. Katikati ya Januari, saa nne usiku, au katikati ya Februari, saa mbili usiku, tafuta zile nyota tatu za mstari za Jabari, kisha shuka kidogo upande wa kusini: kuna doa lenye ukungu. Ni wingu la gesi na vumbi lililo umbali wa miaka ya mwanga 1,300 hivi, na nyota zilizomo zina umri wa kama miaka milioni moja tu. Taa za kiwanja cha ndege zinatuharibia hapa kwetu, kwa hiyo nenda Makunduchi au Kizimkazi usiku usio na mwezi, na darubini ndogo ya macho mawili. Zima simu, yape macho dakika 20 yazoee giza. Chukua na mkeka ulale chali, maana doa lile kwetu hupita karibu kabisa na utosi, na ukitazama umesimama shingo itakuuma.