Sahihi Kutoka Mbali: Nani Anamjua Anayesaini? (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulieleza jinsi hati inavyosainiwa kwa kompyuta bila karatasi kufika mezani kwa notari. Leo tuingie penye ugumu. Mtu yuko Brussels, anataka parseli yake ya Kampemba iuzwe. Notari yuko Lubumbashi, anatazama uso kwenye kioo cha kompyuta. Atajuaje kwamba ndiye mwenye mali?

Kanuni ya Mambo ya Kidijitali ya Kongo, ya tarehe 13 Machi 2023, inayapa maandishi ya kielektroniki nguvu ya ushahidi, kwa sharti kwamba aliyeyatoa atambulike. Kesi zote zitakazokuja zitazunguka sharti hilo.

Wengine wanamtambuaje? Virginia, huko Marekani, ndilo jimbo la kwanza kuruhusu manotari kufanya kazi kwa video: sheria ilipitishwa 2011, ikaanza kutumika Julai 2012. Katika majimbo mengi yaliyofuata, anayesaini huonyesha kitambulisho mbele ya kamera, programu ikakikagua. Kisha huulizwa maswali ya maisha yake, kama anwani za zamani au mkopo wa gari. Mara nyingi ni matano kwa dakika mbili, na lazima apate manne. Maswali hayo yanachotwa katika kumbukumbu za mikopo na makazi. Mama wa Katuba aliyenunua kila kitu kwa fedha taslimu, na kupanga nyumba kwa makubaliano ya mdomo, ataulizwa nini?

Inabaki kadi, nayo kwetu ina matatizo yake. Sensa ya mwisho ya Kongo ilifanyika 1984. Ofisi ya taifa ya utambulisho wa wananchi, ONIP, iliundwa 2011. Kadi ya kwanza ya uraia alikabidhiwa Rais Tshisekedi tarehe 30 Juni 2023, na mwaka uliofuata mkataba wa kuzitengeneza ukavunjwa. Kwa hiyo wengi wetu bado tunajitambulisha kwa kadi ya mpiga kura ya tume ya uchaguzi, CENI, ambayo maandishi yake yamewafutikia watu wengi. Hata inaposomeka vizuri, programu inaweza kukagua plastiki na chapa zake tu. Pasipo daftari la kulinganisha, haiwezi kusema kama jina lile ni la uso ule.

Na uso nao hautoshi tena. Mwaka 2024 ilijulikana kwamba mfanyakazi wa kampuni ya Arup huko Hong Kong alituma takriban dola milioni 200 za huko baada ya mkutano wa video ambamo wakubwa wake walikuwa sura za kughushi. Yule alidhani anaona watu anaowafahamu. Notari wetu anamwona mteja kwa mara ya kwanza!

Mimi naamini usalama wetu kwa sasa uko kwa mashahidi, wala sioni kwamba huko ni kurudi nyuma. Kadi yenyewe ya CENI inasimama juu yao: asiye na karatasi yoyote aliandikishwa kwa ushuhuda wa watu waliokwisha kuandikishwa. Basi notari aite mashahidi wawili wafike ofisini wenyewe na vitambulisho vyao, wazungumze na aliye Brussels mbele yake, kwa muda wa kutosha, juu ya mambo yasiyopatikana Facebook: jirani aliyepakana naye, fundi aliyechimba kisima, ugomvi wa mpaka. Kisha nao wasaini, wakijua kwamba ushuhuda wa uongo utawapeleka mahakamani.

Lakini mashahidi hao wasiwe wa upande mmoja. Tusifichane: anayeweza kuiga maisha ya mtu aliye ng'ambo kwa urahisi zaidi ni ndugu yake, anayejua hata jina la utani la marehemu baba. Mwenye fungu katika mauzo, awe kaka, mjomba au dalali, asikubaliwe kushuhudia. Jirani wa avenyu asiyepata kitu anafaa zaidi kuliko shemeji mwenye haraka.

Ufaransa, kwa dekreti ya tarehe 20 Novemba 2020, iliruhusu kwa mbali hati za uwakilishi tu, yaani za kumpa mtu mwingine ruhusa ya kusaini kwa niaba yako. Nasi tuanzie hapo, na tuzibane: hati itaje namba ya parseli, jina la mnunuzi, bei ya chini kabisa na tarehe ya kuisha. Kabla mauzo hayajafika kwa mhifadhi wa hati za ardhi, notari ampigie mwenye mali mara ya pili, siku nyingine, kwa namba aliyopewa na mashahidi.