Wimbo Mpya na Mwenyewe



Siku hizi haipiti juma pasipo wimbo mpya kutoka. Zamani wimbo ulisafiri katika santuri, ukafika kwetu siku nyingi baada ya kuimbwa. Leo kijana wa Lubumbashi, wa Goma au wa Uvira huimba jioni chumbani mwake, rafiki yake hunasa sauti kwa kompyuta, na kesho yake wimbo huohuo wasikiwa Nairobi na Bruxelles. Hana bwana wa kumwamrisha aimbe nini, wala kampuni iliyomwandika kazi. Huyu aimba rumba, yule rap, mwingine amsifu Mungu kwa gitaa la umeme. Tena wako wapigao mitindo ambayo sisi wenye umri hatujui hata jina lake. Wote wafanana kwa jambo moja: wasema kwamba wimbo wao ni mali yao wenyewe.

Je, ni mali yao kweli? Hilo ndilo tutakalo kulitazama leo, maana wazazi wengi huingiwa na shaka wamwonapo mtoto wao ameshika gitaa, na shaka yao si upumbavu. Wameona waimbaji wenye sifa kubwa wakizikwa kwa michango ya majirani.

Tuanze na mtu wa kwetu, aliyeimba kwa Kiswahili. Jean Bosco Mwenda alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, makao ya wafalme wa Bayeke katika Katanga. Jina lake la Kikristu ni la Yohane Bosco, mlezi wa vijana, ambalo Mapadri Wasalesiani walilieneza sana katika nchi ile tangu walipofika mwaka 1911. Mwaka 1952 Mwingereza Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka nchi nyingi za Afrika na mashine ya kunasa sauti, alimkuta huko Jadotville, mji uitwao leo Likasi. Kijana alipiga gitaa kwa vidole viwili tu, gumba na cha shahada. Lakini mwenye kusikiliza pasipo kumwona alidhani kwamba wapigaji ni wawili, mmoja akishika sauti za chini, wa pili akichezacheza juu. Wimbo wake wa Masanga, yaani njia panda, ulitiwa katika santuri, ukaenea Afrika ya Mashariki, Afrika ya Kusini na hata Ulaya.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Bosco alikwenda Nairobi. Huko aliimba katika radio kila juma kwa ajili ya Aspro, dawa ya kichwa. Jamaa yake Edouard Masengo, mpiga gitaa wa Katanga vilevile, aliimba kusifu Coca-Cola. Hatusemi kwamba ilikuwa aibu. Mtu hula kwa kazi ya mikono yake, na hata Mtume Paulo alishona mahema. Lakini tuangalie neno hili vizuri. Wenye dawa na wenye soda walijua thamani ya sauti hizo kwa hesabu ya faida, na walikuwa na makarani wa kuiandika hesabu hiyo. Mwimbaji alikuwa na gitaa lake tu.

Miaka ilipita. Mnamo 1961 na 1962 David Rycroft, mwalimu wa chuo kikuu cha London, aliandika kwa alama za muziki namna Bosco alivyopiga, nota kwa nota, na wazungu wakajifunza Masanga kwa kuisoma. Mwaka 1969 Bosco mwenyewe aliitwa Marekani kupiga katika tamasha la Newport. Mwaka 1988 alirekodi tena huko Cape Town. Mwaka 1990 alikufa katika ajali ya gari nchini Zambia. Vidole vyake vilikuwa vimewafundisha wapiga gitaa wa Kenya na wa Ulaya, naye katika maisha yake alihitaji kazi nyingine kando ya muziki ili aitunze nyumba yake.

Kwa nini? Sababu moja ni desturi ya siku zile. Mwimbaji aliingia chumba cha kurekodia, akaimba, akalipwa mara moja, akaenda zake. Santuri ziuzwe elfu au laki, hiyo haikuwa habari yake tena. Huko Léopoldville mambo yalikuwa hivyohivyo. Wafanyabiashara Wagiriki walifungua Ngoma mwaka 1948, kisha Loningisa mwaka 1950, wengine wakawafuata. Mara nyingi gitaa lenyewe lilikuwa la mfanyabiashara, na mpigaji akigombana naye aliondoka mikono mitupu. Franco aliingia Loningisa mwaka 1953, akiwa mtoto wa miaka kumi na mitano.

Ndipo Joseph Kabasele, baada ya kwenda Bruxelles wakati wa mkutano wa Meza ya Duara mwezi wa Januari 1960, akaanzisha chapa yake ya santuri, Surboum African Jazz. Kumbe mwimbaji Mkongo aweza kuwa mwenye santuri! Franco na Verckys nao walipata chapa zao baadaye. Lakini mwimbaji aliyejiweka huru aliweza naye kuwa bwana wa wenzake. Mwaka 1963 Rochereau na Docteur Nico walimwacha Kabasele wakaunda African Fiesta, na fedha ilikuwa mojawapo ya mambo yaliyowatenga. Kwa hiyo tusidhani kwamba taabu hii ni ya mgeni na mwenyeji. Ni ya hesabu isiyoandikwa.

Nasi Wakatoliki tusijitoe katika habari hii. Wengi wetu twaijua Missa Luba. Padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, aliunda huko Kamina mwaka 1954 kwaya ya watoto pamoja na walimu wao, akaiita Les Troubadours du Roi Baudouin. Mwaka 1958 waliimba Misa hiyo kwa Kilatini, juu ya sauti na ngoma za nchi yetu, wakaipeleka Ulaya. Na mwaka 1968 Sanctus yake ilisikika hata katika sinema ya Kiingereza. Haikuandikwa kwanza kwenye karatasi kisha ikaimbwa. Waimbaji waliitunga wakiimba, wakiufuata mtindo wa nyimbo walizozijua tangu nyumbani. Ni kazi nzuri sana, na padri yule astahili heshima yake. Walakini, ukiuliza leo ni nani aliyeitunga, utatajiwa jina la padri. Walimu na watoto wa Kamina ni wachache wawajuao kwa majina. Twaona vema neno hili lisemwe na gazeti la Kanisa lenyewe, lisingoje kusemwa na wengine.

Muziki wa kwetu haukukosa njia hata pasipo fedha. Huko Kinshasa Mingiedi Mawangu na wenzake wa Konono N°1 walitia likembe umeme kwa vipande vya magari makuukuu, na mwaka 2004 santuri yao ikawashangaza watu wa Ulaya. Staff Benda Bilili, ambao wengi wao walilemazwa na polio tangu utotoni, walifanya mazoezi katika bustani ya wanyama. Kijana wao Roger Landu alijitengenezea chombo chenye uzi mmoja juu ya mkebe wa bati. Santuri yao ilitoka mwaka 2009. Makundi haya mawili yalitolewa na kampuni moja ya Ubelgiji, basi hayakuwa huru kabisa. Lakini sauti yao hakuna aliyewapa.

Tuje upande wetu wa mashariki. Innoss'B, aliyezaliwa Goma mwaka 1997, alianza kuimba pamoja na ndugu zake. Mwaka 2019 wimbo wake Yo Pe ulivuka mipaka, akauimba tena pamoja na Diamond Platnumz wa Tanzania. Tangu hapo kila kijana wa Goma mwenye simu aota ndoto hiyo. Wengi wao waliendelea kurekodi hata baada ya mji kuingiliwa na M23 mwezi wa Januari 2025, na Bukavu mwezi wa Februari. Benki za Goma zilifungwa wakati huo; na kijana ambaye wimbo wake ulikuwa ukisikilizwa ng'ambo hakuwa na dirisha la kupokelea hata kidogo alichokipata.

Na kweli ni kidogo. Mtandao humlipa mwenye wimbo sehemu ndogo kabisa ya dola kila unaposikilizwa. Usikilizwe mara elfu moja, atapata dola chache tu, pengine hata hizo hazitimii. Tena zapita mikononi mwa kampuni ya kusambaza, nayo yachukua fungu lake. Vijana wengi hawana kadi ya benki, basi huandikisha wimbo kwa jina la rafiki au la mjomba aliye Ulaya. Siku fedha zinapoingia, zaingia kwa yule mwenye jina. Undugu mwingi umevunjika hapo.

Kwa kuwa mapato ni haya, wengine hushika desturi ya Kinshasa iitwayo libanga: mwimbaji hutaja jina la tajiri au la mkubwa katikati ya wimbo, na mtajwa hulipa. Sisi hatuipendi. Wimbo wa mapenzi au wa msiba ukikatizwa mara kumi na majina ya wenye magari, msikilizaji husahau ulikuwa wahusu nini. Lakini hatuwezi kumlaumu sana mwimbaji, ikiwa sisi wenyewe twaunakili wimbo wake bure kutoka simu hata simu, kisha twamlaumu kwa kuwa ameuza sifa. Amri ya saba yahusu na nyimbo pia.

Sheria ya nchi yetu ipo. Ile ya tarehe 5 Aprili 1986 yalinda kazi ya mtungaji maisha yake yote, na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kwa hesabu hiyo nyimbo alizotunga Bosco Mwenda zalindwa kwetu mpaka mwaka 2040. Shirika la kukusanya haki za watungaji, lililokuwa SONECA tangu 1969, liliachia nafasi SOCODA mwaka 2011. Mtu asiyejiandikisha huko, wala asiye na karatasi yoyote, atadai kwa maneno matupu. Na hata waliojiandikisha hunung'unika kwamba malipo huchelewa.

Kijana ajue vilevile kwamba mali ni mbili. Kuna wimbo wenyewe, yaani maneno na sauti yake. Kuna na ile sauti iliyonaswa siku fulani kwa fedha za mtu fulani. Aliyelipa studio aweza kuwa mwenye hiyo ya pili pasipo kuwa mwenye ile ya kwanza. Na mdundo uliookotwa mtandaoni una mwenyewe pia. Akitokea, wimbo mzima huondolewa hata ukiwa umependwa na watu namna gani.

Kwaya zetu nazo zimeingia katika kazi hii, zarekodi na kuuza, nalo ni jambo jema. Lakini mara nyingi kwaya ya parokia hii huimba wimbo wa mtungaji wa parokia nyingine bila kumwomba ruhusa, wala jina lake halionekani popote, ati kwa kuwa wimbo ni wa Mungu. Mtungaji huyo pengine ni mwalimu wa shule asiyelipwa tangu miezi mitatu.

Daftari moja yatosha kuanza. Kabla wimbo haujatoka, aandike mmoja mwenye mwandiko safi: jina la wimbo, tarehe, nani alitunga maneno, nani alitunga sauti, nani walipiga vyombo, nani alilipa studio, na kila mmoja apata fungu gani mia ikigawanywa. Wote watie sahihi, na asiyejua kuandika atie kidole. Nakala moja ikae kwa mtungaji, na ya kwaya ikae katika ofisi ya parokia, pamoja na vitabu vya ubatizo.